Nyapara Aliyenizika

Nyapara alibisha hodi mara moja tu. Ukichelewa kuitika, alikaa juu ya jiwe lolote lililokuwa karibu, akaweka fimbo yake katikati ya magoti, akangoja. Hakuita tena. Ungeweza kumaliza kukamua mbuzi, upike, ule, na ukitoka nje ungemkuta pale pale akitazama vilima. Sisi wanawake wa Kathonzweni tuliiogopa ile hodi moja kuliko sauti ya fisi, kwa sababu ilimaanisha kwamba mvua imekataa na kwamba kuna mwanamume wa nyumba ile ataondoka.

Kazi yake ilikuwa kukusanya wanaume na kuwapeleka kukata mkonge ng'ambo ya Taveta, upande wa Moshi, na akishawafikisha huko aliwasimamia yeye mwenyewe. Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, hayo sikuwahi kuyajua na sikuyauliza. Jina lake la ubatizo lilitajwa kanisani siku za meza ya Bwana, kisha likasahauliwa mlangoni. Hata mchungaji alimwita Nyapara.

Hakuwa mtu wa kupendeka. Alivaa viatu vizito hata kwenye vumbi la Agosti, na alitembea mbele ya watu bila kugeuka kuona kama wanamfuata. Hakula chakula katika nyumba ya mtu aliyemchukua kazini, hata uji. Ukimwekea muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa, mbele yake alisema, "Mpe mwenye nyumba, yeye ndiye atakayetembea," na akalisukuma bakuli kwa kidole kimoja. Wengine waliita hiyo heshima. Mimi niliona ni dharau, kwa sababu ukimnyima mwanamke nafasi ya kukulisha umemnyima pia nafasi ya kukusema.

Halafu palikuwa na Kiswahili chake. Kiswahili chetu sisi Wakamba wa siku zile kilikuwa cha kuombea chumvi dukani na kumwelezea daktari mahali panapouma. Chake kilikuwa cha Tanganyika, kimenyooka kama uzi wa fundi. Akisimama kanisani kutoa tangazo, vijana walicheka chini chini wakisema redio imefunguliwa. Lakini sauti hiyo hiyo ikiimba ile sauti nzito ya chini, mabenchi yalitetemeka, na hata sisi tuliomchukia tulisubiri aingie.

Mkewe alikuwa mtu wa Kilungu. Alirudi kwao na watoto baada ya kungoja miaka ambayo hakuna aliyemlaumu kwa kuichoka. Alimwambia mama mmoja sokoni kwamba alikuwa ameolewa na viatu, na viatu vyenyewe havikai nyumbani. Kwa hiyo mtu aliyepanga lini waume zetu waende na lini warudi alikuwa na nyumba ambayo mchwa walikuwa wakijenga mlangoni.

Mume wangu, Baba Mwende, alienda naye mara ya kwanza mtoto wetu akiwa bado anatambaa. Ilikuwa katika miaka ya kwanza ya uhuru, shilingi ikiwa bado moja pande zote, na mpaka ulikuwa jambo la kwenye ramani. Aliondoka, akarudi, akaondoka tena. Sikufurahi, lakini tulikula.

Shida ya kwanza ilitupata siku ya soko. Nilikuwa nimekaa na pojo zangu, Baba Mwende amesimama nyuma yangu, karibuni tu ametoka kazini, shati lake bado lina madoa ya utomvu wa mkonge. Tukaona watu wanaanza kukimbia. Askari wa chifu walikuwa wameziba njia zote za soko wakidai risiti za kodi ya kichwa, na asiyekuwa nayo alifungwa kamba na mwenzake kama mbuzi wa mnada. Baba Mwende hakukimbia. Alikuwa na risiti. Aliitoa mfukoni kwa kujiamini, na wenzake waliorudi naye wakatoa zao.

Chifu akaigeuza upande huu na upande huu.

"Hii ni ya wapi?"

"Ya kazini, chifu. Nimelipa kule."

"Serikali ya kule ndiyo inakuchimbia barabara hapa?"

Wakawafunga wote. Nyapara alikuwa kwa fundi wa viatu. Alikuja polepole, akasimama mbele ya chifu bila kuvua kofia.

"Chifu, mtu hulipa kodi mahali anapotoa jasho. Hawa wametoa jasho kule na likakatwa kule. Unataka likatwe mara ngapi?"

"Mtu hulipa mahali moto wake unapowaka," chifu akasema. "Mke wa huyu anapika wapi?" Akaninyooshea kidole. "Si yule pale? Watoto wake wako wapi? Akiumwa atazikwa wapi? Kwa hiyo yeye ni wangu."

Niliwasikiliza wote wawili na nikaona kwamba wote wanasema kweli, na hilo ndilo lililonitisha. Mmoja angekuwa mwongo tungejua pa kushika.

"Basi nifunge na mimi," Nyapara akasema. "Mimi ndiye niliyewapeleka."

Nadhani alitarajia chifu aone aibu. Chifu alimfunga. Walipelekwa kuchimba barabara ya kwenda zahanati, na sisi wake tuliwapelekea chakula huko. Kitu nilichokiona kule bado kinanichanganya. Nyapara, akiwa mfungwa kama wengine, jembe mkononi, alikuwa akiwakaripia wanaume wetu kwamba mtaro wao umepinda. Askari walikaa kivulini. Hawakuwa na kazi ya kufanya.

Alipoachiliwa alienda mji wa Wote kumwona DO, mkuu wa tarafa, akakaa nje ya ofisi mpaka akaitwa. DO alikuwa kijana, na pengine alitaka tu mzee huyu aondoke barazani. Akamwambia kwamba mtu akikaa ng'ambo zaidi ya nusu ya mwaka, atahesabiwa ni wa kule, na hapa chifu asimguse. Nyapara alirudi na neno hilo kama mtu aliyepewa ng'ombe.

Lakini sikiliza lilivyotugeukia. Ili mume wangu asikamuliwe pande mbili, ilibidi akae mbali nami zaidi. Zamani alikuwa akirudi Oktoba kulima kabla ya mvua. Sasa Nyapara aliwazuia. "Ukirudi leo, chifu atakula yote uliyobeba. Ngoja mwaka uvuke katikati." Mvua haikungoja mwaka uvuke. Tulishika plau sisi wenyewe, wanawake wawili mbele ya ng'ombe na mmoja nyuma, na kwenye mwethya, ile kazi yetu ya ushirika, tukichimba matuta kwa pamoja tulimtungia nyimbo ambazo mchungaji angezisikia angetutenga sote. Kodi ya kichwa ilipokuja kuondolewa, wanaume walikuwa wameshazoea kukaa. Sheria ilikufa, mazoea yakabaki.

Nisipoeleza na upande mwingine nitakuwa namwonea. Kule mashamba yalipochukuliwa na serikali, meneja mpya aliwaita wageni wote akawaambia wachague: kila mwaka waombe kibali cha kazi, ambacho kinaweza kukataliwa, au wachukue uraia wa kule wakae bila wasiwasi. Nyapara mwingine angewaambia wasaini wote siku ile, kwani alilipwa kwa vichwa. Wetu alipanda lori akarudi nyumbani. Akazunguka nyumba kwa nyumba akiuliza wake.

Kwangu alibisha hodi ile yake moja. Nikatoka.

"Mama Mwende, mumeo anaweza kuwa mtu wa kule. Kazi yake itakuwa salama. Lakini atakuwa mtu wa kule. Unasemaje?"

"Yeye anasemaje?"

"Sikuja kukuambia anasemaje. Nimekuja kukuuliza wewe."

Hakuna mwanamume aliyewahi kuniuliza jambo kubwa namna hiyo. Nilisema hapana. Jirani yangu, Mama Kioko, ambaye shamba lake lilipakana na langu na ambaye tulikuwa tukiazimana hata makaa ya moto, alikuwa na mama mkwe mgonjwa na watoto watatu shuleni. Yeye alisema ndiyo, asaini, mradi atume. Nyapara aliitikia kila mmoja kwa kichwa, akaenda zake. Baba Kioko akawa raia wa kule. Baba Mwende akabaki na kibali, kila mwaka roho mkononi.

Mwaka wa sabini na saba mpaka ukafungwa.

Nyapara alikuwa huku siku hiyo, kutafuta watu wapya. Tulisikia habari kwenye redio ya dukani. Watu wakaanza kubishana kama ni wa kufungwa wiki moja au mwezi. Yeye hakubishana. Alifunga kamba za viatu vyake, akanunua sukari na kiberiti, akatoka. Mama Kioko na mimi tulimkimbilia njiani.

"Unaenda wapi?"

"Kuwaleta."

"Watakushika."

"Wakinishika mtajua niko wapi. Hao wengine hamjui."

Hatukusikia lolote mpaka mahindi yakaanza kukauka mashambani. Wauza ng'ombe walileta maneno: kuna watu wameshikwa porini chini ya Taveta, kuna mmoja amepigwa risasi. Kila neno lilitufikia bila jina. Nililima, nikapika, nikaomba, na nilipokuwa nikiomba nilijikuta namwombea mtu yule yule niliyemtungia nyimbo mbaya.

Siku walipofika tulikuwa kwenye mwethya, shamba la Mama Kioko. Nilisikia majembe ya wenzangu yamesimama. Nikainua macho nikamwona Baba Mwende kwenye tuta la juu, amekonda, amesimama ananitazama. Kisha akakaa chini kwenye udongo mbichi.

"Mama Mwende," aliniita, kama mtu anayeuliza.

"Ni mimi."

"Ni wewe?"

Nilimshika mkono. Ndipo akaniambia mbele ya wanawake wote kwamba Nyapara alimwambia nimekufa. Homa imenichukua, nimezikwa, na Mwende analishwa na majirani. Alikuwa amevuka pori zima akinililia.

Mama Kioko alidondosha jembe. "Na wangu yuko wapi?"

Baba Mwende alinyoosha kidole upande wa nyumba ya Nyapara.

Nilitoka pale na udongo miguuni nikaenda kwa Nyapara. Alikuwa amekaa mlangoni kwake akitoa miiba kwenye nyayo, uso umevimba upande mmoja.

"Nyapara, mimi nimekufa?"

"Nakuona umesimama."

"Kwa nini ulinizika?"

Hakuinua kichwa. "Wengine wote niliwaambia twendeni, wakaja. Wawili walikataa. Meneja aliwaambia anayeondoka bila ruhusa anapoteza kila kitu alichowekewa cha uzeeni. Nilimwambia mumeo kuna njaa, akasema atatuma. Nilimwambia mpaka umefungwa, hakuna kutuma, akasema utafunguliwa. Nilimwambia mtoto analia, akasema watoto hulia. Nikabaki na neno moja."

"Na Baba Kioko?"

Aliuweka chini ule mwiba aliokuwa ameushika.

"Na yeye nilimwambia hivyo hivyo. Alilia mpaka nikamshika asianguke. Asubuhi akachukua panga akaenda kukata mkonge."

Kwetu, kumtangaza mtu aliye hai kuwa maiti si neno la kufutwa kwa samahani. Wazee wa kanisa walimwita. Nilikuwepo, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa maiti. Walimtaka atubu mbele ya ushirika. Alisimama, akashika benchi la mbele.

"Nilisema uongo," alisema. "Kwa nyumba moja najuta. Kwa nyumba ya pili siwezi kujuta, ningekuwa nadanganya tena, na hapa ni kanisani."

Wakamtenga meza ya Bwana. Kwaya ikabaki bila ile sauti ya chini, na kwa muda mrefu nyimbo zetu zilisikika kama nyumba isiyo na msingi.

Nyumba isiyojutiwa ilikuwa yangu. Baba Mwende alikaa. Asubuhi nyingi, kabla hajafungua macho, aliita jina langu, akisikia nimeitika ndipo aamke. Hakukubali kamwe kumsalimu Nyapara, na hakukubali kamwe kuondoka tena. Sijui kama mambo hayo mawili yanapatana.

Nyumba ya kujutiwa ilikuwa ya Mama Kioko. Ng'ambo ya mpaka alikuwa maiti, na hakukuwa na njia ya kumfufua. Nyapara alijaribu kurudi kwenda kuukanusha uongo wake, akashikwa Taveta, akawekwa ndani, akarudishwa kwa lori la polisi. Alijaribu kwa wauza ng'ombe, kwa mahujaji wa kanisa, kwa dereva mmoja aliyesema ana njia zake. Hakuna neno lililofika, au kama lilifika halikuaminiwa. Mama Kioko aliendelea kuishi, kulima, kusomesha, huku akijua kwamba kuna mahali mume wake anamkumbuka kama marehemu.

Mpaka ulipofunguliwa katika miaka ya themanini, Nyapara aliondoka na gari la kwanza. Alirudi baada ya siku chache. Nilikuwa kwa Mama Kioko, tunapepeta kunde. Safari hii hakubisha hodi. Alisimama uani, kofia mkononi.

"Yuko hai," alisema. "Ana mke. Ana watoto. Nimemwambia uko hai, akakaa chini. Amesema nimechelewa."

Mama Kioko aliendelea kupepeta. Maganda yalipeperuka yakamwangukia Nyapara kwenye viatu. Ungo ulipobaki na kunde tupu ndipo aliposema.

"Toka kwangu."

Alitoka. Na mwezi ule ule akahama Kathonzweni, akaenda kukaa Salama, kwenye barabara ya Mombasa, ambako mpwa wake alikuwa na kibanda cha kuziba pancha.

Baba Mwende alifariki mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nyapara hakuja mazishini. Baadaye nikaambiwa kwamba kule ng'ambo wajane wanaweza kudai yale makato ya uzeeni ya waume wao, hata wa walioondoka bila ruhusa, mradi aje mtu aliyemjua marehemu kazini, athibitishe. Wengi wa wale waliokata mkonge naye walikuwa wameshazikwa au wamepotea mijini. Niliamua kwenda Salama. Kabla sijaondoka nilimwambia Mama Kioko, kwa sababu sikutaka asikie kwa wengine. Akanijibu:

"Mwambie nikifa kweli, asije."

Nilimkuta amekaa juu ya tairi kuukuu, malori yanapita yakimpulizia moshi. Jicho moja lilikuwa na ukungu. Alinijua kwa sauti.

"Hukuja kumzika Baba Mwende," nikamwambia.

"Ningekuja vipi kwenye matanga ya nyumba yako? Mara ya kwanza niliyatangaza mimi."

Nikamweleza kilichonileta. Aligeuza uso upande wa barabara. Mikono yake ilikuwa imelala magotini, na nikaona kwamba anaogopa. Sikuwahi kumwona akiogopa, hata siku aliyofungwa kamba.

"Mama Kioko anasemaje?" aliuliza mwishowe.

Sikumlainishia. Nikamwambia kama nilivyotumwa.

"Hiyo ni haki yake," alisema. Akasimama kwa kujivuta, akamwambia mpwa wake amtafutie koti.

Mpakani askari kijana alimwuliza anaenda kufanya nini Tanzania, akasema anaenda kutoa ushahidi, na akaufuta uso kwa kitambaa ingawa hakukuwa na joto. Niliwaza njia nzima: mtu aliyewahi kusema uongo mkubwa vile, nani atamwamini sasa? Na kama hawatamwamini, mimi nimemtoa mzee huyu kwake bure.

Ofisini Moshi tulipokelewa na binti mmoja, karani, mpole. Alimwamkia Nyapara shikamoo, akampa kiti. Akamwuliza juu ya kambi, juu ya meneja, juu ya miaka. Nyapara alijibu kwa kile Kiswahili chake kilichonyooka, na binti akatabasamu akasema mzee huyu anaongea kama babu yake. Nikaanza kupumua.

"Sasa, mzee," karani akasema, "wewe ni nani kwa marehemu? Ndugu?"

"Hapana."

"Mwajiri wake?"

"Hapana."

"Jirani?"

"Hapana. Si hasa."

"Basi nani?"

Mtu aliyekuwa na neno kwa chifu, kwa DO, kwa meneja na kwa wazee wa kanisa, safari hii aligeukia kwangu kwanza. Akaniangalia kwa lile jicho moja lililokuwa likiona.

"Mimi ndiye niliyemtoa kwake," akamwambia karani.

Binti aliinua kalamu, hajui aandike nini. Nje walikuwa wanapakia gunia kwenye mkokoteni, tukasikia likianguka.

"Na ndiye aliyemrudisha," nikasema. "Andika yote mawili."